Misumari na Kiti cha Mwisho

Walimwita Misumari kwa sababu ukimkuta kibandani kwake, kinywa kimejaa misumari midogo ya viatu, na akitaka kukukaribisha lazima aseme kwa upande mmoja wa mdomo. Anachomoa mmoja, anaugonga kwenye soli, anachomoa mwingine. Wageni mtaani walikuwa wakimhofia kidogo, wakidhani amenuna. Kumbe siku nyingi wala hakununa. Alikuwa anajizuia tu asicheke, maana fundi viatu anayecheka ovyo chakula chake cha mchana ni chuma.

Lakini kipindi hiki ninachokisimulia alikuwa amenuna kwelikweli. Alikuwa na wivu. Sio ule wa kupekua simu ya mke, la. Alimwonea wivu shemeji yake, mdogo wa mkewe, kwa sababu ya banjo. Na wivu wa banjo, nakwambieni, ni mbaya kuliko wa mapenzi, kwa sababu huna hata wa kumshtakia. Utaenda kwa nani useme, "Huyu mtu anapiga vizuri, nisaidieni"?

Banjo, kwa asiyeijua, ni kama ngoma iliyooteshwa shingo. Ngozi imewambwa kwenye mduara, mti mrefu umetokea ubavuni, nyuzi tano zimepita juu yake, mmoja mfupi kuliko wenzake, na katikati ya ngozi kuna kidaraja cha mti kinachozibeba. Ya Misumari ilikuwa ya marehemu baba yake. Aliirithi pamoja na nyimbo zake, na nyimbo hizo alizipiga vilevile alivyofundishwa. Pale baba alipopumua, naye akapumua. Pale baba alipokosea siku moja akaona kosa linapendeza, naye akakosea hapohapo. Ukimuuliza muziki ni nini, angekwambia, "Wimbo ni kiatu cha mtu. Kakuachia ukitunze. Hujaambiwa ukibadilishe rangi."

Shemeji alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuja kukaa kwao wiki mbili huku akitafuta kazi ya kupaka rangi nyumba. Kazi aliipata upesi, ila wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mikono imejaa madoa ya rangi, na kila kitu kwake kilikuwa na sauti ya kusikiliza. Mlango ukilia, anasimama. Ngazi yake ya kazi ikilalamika chini ya mguu wake, anapanda tena na kushuka kusudi ilalamike upya.

"Nyimbo unazitoa wapi?" watu walimuuliza.

"Sizitoi popote," alijibu. "Zinapita tu, nami nipo njiani."

Misumari akisikia hivyo, hasira humpanda mpaka utosini. Yeye kaumia vidole tangu utoto, mwenzake anasema zinapita!

Na nani aliyemfundisha Shemeji banjo? Misumari mwenyewe. Na nani aliyemtengenezea ya kwake? Misumari huyohuyo. Alichukua sufuria kubwa la mkewe lililotoboka, akakata kitako chote, akawamba ngozi ya mbuzi kwenye mdomo wake, na shingo akaichonga kutoka mguu wa kitanda kibovu. Alikaa nayo siku kadhaa akiipiga msasa, akijisifu kuwa ana moyo mkubwa. Sasa akiitazama imetundikwa sebuleni, jirani na ile ya baba yake, alijisemea, "Nimefuga nyoka, na bakuli la maziwa nimechonga mwenyewe."

Kila Jumapili alasiri wapiga ala wa mtaa hukutana kwenye ukumbi wa zamani nyuma ya ofisi ya maji. Viti vya wasikilizaji ni vya plastiki, na mbele kipo kimoja cha mbao chenye mikono, ambacho umri wake haujulikani. Hicho ndicho kiti cha mwisho. Anayekikalia ndiye anayefunga, na baada yake hapigi mtu tena, ili watu warudi nyumbani na wimbo wake mdomoni. Anayeamua nani akikalie ni Bibi Funguo, mlinzi wa ukumbi, mama mfupi mwenye shada la funguo kiunoni na maneno machache. Kwa miaka mingi alikuwa akiashiria kwa kidevu upande mmoja tu, upande wa Misumari.

Heshima ya kiti Misumari aliipenda, nisimsingizie. Lakini alichokipenda zaidi kilikuwa jikoni kwake. Mkewe, kila akiosha vyombo, huimba kwa puani. Haimbi kwa kupanga. Mikono iko kwenye povu, pua inajiimbia. Na alichoimba wiki nzima ni kile kilichofunga Jumapili. Misumari akiwa kwenye kibanda chake, ambacho kiliungana na nyumba kwa mlango mmoja, alimsikia mkewe akiziimba nyimbo za baba yake katikati ya mlio wa masufuria, na hapo alijiona tajiri. Hakuwahi kumwambia mkewe. Mambo mengine ukiyasema yanakimbia.

Basi siku moja, katikati ya wiki, Misumari alikuwa akipigilia kisigino, Shemeji akaingia na ndoo yake ya rangi. Akasimama. Akainamisha kichwa.

"Shemeji, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyogonga. Mara mbili, halafu unanyamaza, halafu mara moja."

"Sinyamazi," alisema Misumari kwa upande wa mdomo. "Ninachomoa msumari."

"Hapohapo! Usibadilishe kitu, nakuomba."

Akakimbilia sebuleni, akarudi na banjo yake ya sufuria, akakaa juu ya gunia la soli chakavu. Kufikia jioni alikuwa na wimbo. Ta-ta, kimya, ta. Ta-ta, kimya, ta. Na ndani ya ule ukimya akaweka uzi mfupi wa juu, ukilia peke yake. Ulikuwa wimbo mtamu, na utamu wake ndio uliomkata Misumari maini. Alikuwa ameibiwa nyundo yake mwenyewe huku ameishika mkononi!

Kesho yake asubuhi, kutoka jikoni, pua ya mkewe ikaimba: ta-ta, kimya, ta.

Misumari alijigonga kidole.

Tangu hapo hakutulia. Alijaribu kugonga kwa haraka bila kunyamaza, misumari ikapinda. Alijaribu kuiweka kwenye kopo badala ya mdomoni, kazi ikamshinda. Mezani Shemeji akisimulia kichekesho, mkewe anacheka mpaka anajifuta macho, Misumari anatafuna tu. "Mbona huli vizuri?" mkewe akamuuliza. "Mchuzi una chumvi," akajibu. Mchuzi haukuwa na neno.

Jumamosi Bibi Funguo alileta viatu vyake kubandikwa soli. Alikaa kwenye kigoda, funguo zikalia, akasema bila hata kuzunguka, "Kesho kiti cha mwisho akae bwana mdogo. Watu wameusikia huo wimbo wa nyundo, wananisumbua. Wewe utatangulia kabla yake."

"Sawa tu," alisema Misumari. "Mbona hakuna tatizo. Ni kijana wangu."

Jamani, ile "sawa tu"! Ilimtoka na msumari mmoja, ukaanguka sakafuni, na hakuutafuta.

Siku hiyo nzima alijizungusha na mawazo. Aliwaza amwambie Shemeji ahame. Kwa kosa gani? Aliwaza ajifanye mgonjwa. Angelala kitandani huku mwenzake anafunga ukumbi, si ndiyo mbaya zaidi? Akakumbuka wahenga walivyosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akangoja aone kama Shemeji atajivuna. Wapi! Kijana alikuwa amekaa uani, anafanya mazoezi taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anasifiwa. Na hapo shetani akamnong'oneza Misumari: kama mgema halitii maji, basi mtilie wewe.

Fundi viatu anajua ngozi. Anajua ikikauka inakaza na kutoa sauti kali, na ikilowa inalegea. Jumapili baada ya chakula, Shemeji alipoingia kuoga, naye mkewe alipotoka kwenda kuanua nguo, Misumari akachukua kitambaa chake cha kazi, akakichovya kwenye ndoo anamolowekea ngozi za kushonea, akaishusha banjo ya sufuria. Akaigeuza. Mgongoni ilikuwa wazi, maana kitako alikikata mwenyewe. Akaingiza mkono, akaisugua ngozi kwa ndani, taratibu, kila upande, kwa ustadi uleule aliokuwa nao alipoiwamba. Kwa nje haikuonekana hata tone. Akaitundika. Alipotoka sebuleni, nisiwafiche, alikuwa na furaha.

Ukumbini kulijaa. Misumari alipiga kabla ya mwisho, na siku hiyo alipiga kuliko siku zote. Nyimbo za baba yake zilitoka safi, kali, kila noti mahali pake. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi mazuri, ya heshima, lakini macho yao, aliyaona, tayari yalikuwa yanahamia kwenye kiti cha mbao.

Shemeji akakaa. Akapiga uzi wa kwanza.

Bwuu.

Kulitoka mlio wa chura aliyepewa habari mbaya. Watoto wakaangua kicheko, na wakubwa wakawafuata. Shemeji akakaza kigingi kinachovuta uzi. Kadiri alivyokaza, ndivyo kidaraja kilivyozidi kuzama kwenye ngozi laini, na nyuzi zikalalia shingo zikikoroma. Misumari alitazama vidole vyake mwenyewe asije akaonekana usoni. Pembeni yake mkewe aliziba mdomo kwa mkono. "Maskini," alisema, "maskini mdogo wangu."

Shemeji akaigeuza banjo, akachungulia ndani. Kijana akatazama, kama anasoma kitu, kisha akaigeuza tena. Akaigonga ngozi kwa ncha ya kidole. Akaiwekea sikio. Halafu akatabasamu, yule mtu, akatabasamu! Na badala ya kukaza, akaanza kulegeza. Alilegeza nyuzi zote, mmoja mmoja, akizishusha mpaka zikaifuata ngozi kule ilikokwenda.

Kisha akaupiga wimbo wa nyundo. Lakini haukuwa ule wa asubuhi yenye kazi nyingi. Ulikuwa wa chini, mnene, na wa polepole mno. Kila sauti aliiacha iseme mpaka imalize ndipo akaigusa nyingine. Ta. Ta. Kimya kirefu. Na ule uzi mfupi, ambao zamani ulikuwa ukilia kwa ukali, sasa uliita kwa mbali, kama kutoka ndani ya nyumba fulani. Watoto waliacha kucheka. Mzee mmoja aliyekuwa akikohoa tangu mchana hakukohoa. Misumari aligeuka kumwangalia mkewe, akamkuta analia waziwazi, bila hata kujifuta.

Ulipokwisha hapakuwa na makofi kwanza. Bibi Funguo alishika shada lake kwa viganja vyote viwili ili lisilie.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Shemeji akiwa nyuma amezungukwa na watu. Misumari alivumilia mpaka kwenye kona, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Kilichokuliza ni nini?" akamuuliza mkewe. "Banjo yenyewe ilikuwa mbovu."

Mkewe akajibu, "Unakumbuka nilipokuletea viatu vyangu mara ya kwanza? Ulikuwa bado unajifunza kazi. Ulikuwa unagonga hivyohivyo, polepole, unaogopa kuviharibu. Nilikaa pale kwenye kigoda nikatamani visiishe."

Mtu mwingine angefurahi. Misumari alitembea njia yote iliyobaki akimwonea wivu yule kijana mwanafunzi wa ufundi, aliyekuwa yeye mwenyewe, kwa kuliliwa vile.

Wiki iliyofuata mtaa mzima ulikuwa na ugonjwa mmoja: ta, ta, kimya. Muuza magazeti anao, dereva wa gari la taka anao. Ngozi ya Shemeji ilikauka, ikarudi kwenye ukali wake, na ile sauti ya chini ikapotea. Watu wakawa wanaiulizia. Siku moja Shemeji akaja kibandani, akakaa juu ya gunia.

"Shemeji, ile sauti ya Jumapili imekwenda. Siipati."

"Pole."

"Wewe ndiye mjuzi wa ngozi. Unadhani ilikuwa nini?"

Misumari alichomoa msumari, akaugonga. "Hewa," alisema. "Hewa ilikuwa na unyevu."

"Jua lilikuwa kali, lakini."

"Kuna unyevu mwingine hauonekani."

"Haya," alisema Shemeji. Alikaa kidogo zaidi, kama mgeni anayesubiri chai, kisha akaondoka.

Usidhani Misumari aliona aibu. Aibu ilikuwa njiani, haijafika. Alichokiona ni nafasi. Siri ya sauti ile ilikuwa mkononi mwake peke yake: maji! Kama maji yale yalimpa Shemeji ukumbi mzima, yatampa nini yeye, aliyeshika banjo kabla Shemeji hajaota meno? Basi alasiri moja akafunga kibanda nusu mlango, akaishusha banjo ya baba yake, ile ambayo hajawahi kuruhusu hata mvuke wa chai uikaribie, akachovya kitambaa, akaisugua ngozi yake kwa ndani. Akangoja. Akapiga.

Kwanza alipiga wimbo wa nyundo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumcheka. Nyuzi zikakoroma. Akakaza, zikazama. Akajaribu nyimbo za baba, na vidole vikakimbia njia zao za siku zote, vikapumua pale baba alipopumua, ila sasa kila noti ilikanyaga iliyotangulia kabla haijaondoka. Akaongeza maji. Ikawa mbaya zaidi.

"Umekanyaga nini huko?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. "Paka?"

"Hakuna kitu!"

Alipoinua uso, Shemeji alikuwa amesimama nje ya ule nusu mlango, mikono imepakaa rangi nyeupe mpaka viwikoni. Alikitazama kitambaa. Akaitazama ndoo. Akaitazama banjo ya marehemu inayotiririka maji.

"Siku ile ulitia machache kuliko hayo," alisema.

Misumari alikuwa na misumari mdomoni kwa mazoea. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga mezani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

"Ulijua?"

"Nilijua nikiwa bado kitini. Kitambaa chako kina rangi nyeusi ya viatu, shemeji. Vidole vyako vyote vimechorwa ndani ya sufuria langu. Mpaka leo vipo."

"Na juzi ukaja kuniuliza."

"Nilidhani utaniambia. Ukanipa habari za hewa." Akacheka, na kicheko hakikuwa na mwiba wowote ndani yake, Misumari aliutafuta akaukosa.

"Kwa nini hukuniumbua palepale? Watu walikuwepo. Dada yako alikuwepo."

"Kwa hiyo nimwambie dada nini? Halafu nilipoigonga, nikasikia kuna mtu ndani. Ningeanza kugombana na wewe, si angeondoka?"

Hapo ndipo aibu ilipofika, na haikupiga hodi. Misumari alitamani kutukanwa. Angetukanwa angepata la kujibu, wangegombana, wangepatana, yangekwisha. Lakini huyu kijana alikuwa ametiliwa maji, akachekwa na ukumbi mzima, akaona alama za vidole vya mbaya wake, na bado sikio lake lilikuwa na nafasi. Vidole Misumari alikuwa navyo. Hata ngozi alikuwa nayo. Hiyo nafasi ndiyo hakuwa nayo, na aliionea wivu kuliko alivyowahi kuonea kiti, makofi au kitu kingine chochote duniani.

"Inafanywaje?" aliuliza. Swali lilimtoka kwa shida, kama jino.

Shemeji akafungua komeo, akaingia, akakaa juu ya gunia lake. "Legeza nyuzi kwanza. Usibishane nayo. Haya, piga mmoja."

Misumari akapiga. Mkono wake, wenyewe bila kutumwa, ukaenda kutafuta wa pili.

"Aa-aa. Bado anasema."

Mkono ukarudi. Uzi uliendelea kulia, chini, ukizungukazunguka ndani ya ule mduara wa marehemu, na Misumari akasikia kwa mara ya kwanza ulivyo mrefu. Jikoni vyombo vilikuwa vimenyamaza. Roho ilikuwa ikimuuma vilevile, haijapungua hata chembe, lakini alisubiri.

"Sasa," alisema Shemeji.